Jina Lasemaje? Majina ya Kijapani na Somo la Majazi

Utangulizi

Swali la majazi huonekana jepesi katika Karatasi ya Tatu, lakini ni papo hapo watahiniwa wengi hudondosha alama. Mtahiniwa huandika, "Majoka ni majazi kwa sababu jina hili linatokana na joka," kisha akarukia hoja inayofuata. Mtahini hubaki akisubiri. Joka, sawa, kwa hivyo? Maana ya jina imetolewa, lakini kazi ya jina katika matini haikuelezwa.

Nilipokuwa nikifundisha mbinu hii katika Kidato cha Tatu, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono, akaelekeza kidole dirishani kulikoegeshwa basi la shule, akauliza, "Mwalimu, na Isuzu nalo ni majazi?" Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba ningelitafuta.

Makala haya ni jibu la swali hilo. Yananuia kueleza jinsi majina ya Kijapani, ya watu na ya mahali, yanavyobeba maana, na kuonyesha ni kwa nini mwalimu na mtahiniwa wa fasihi ya Kiswahili watafaidika kuyajua. Hoja kuu ni moja: jina kuwa na maana ni jambo moja, na jina kuwa majazi ni jambo jingine. Majina ya Kijapani yanaidhihirisha tofauti hii waziwazi kuliko majina mengi niyajuayo.

Sauti na alama

Ili kuelewa jina la Kijapani, sharti kwanza tuelewe linavyoandikwa. Wajapani hutumia alama zilizotoka Uchina ziitwazo kanji. Kila alama hubeba maana, na alama moja yaweza kusomwa kwa sauti zaidi ya moja. Jambo hili lisitushangaze, kwani hata sisi tunalifanya kwa tarakimu. Tukiona "kitabu 1" tunasoma "kimoja". Tukiona "Kidato cha 1" tunasoma "cha kwanza". Tukiona "Mei 1" wengi wetu tunasoma "Mei mosi". Alama haikubadilika, maana yake ya msingi haikubadilika, ila sauti imebadilika. Hivyo ndivyo kanji zinavyofanya kazi.

Chukua alama ya mlima. Katika jina la ukoo Yamamoto, alama hiyo husomwa "yama", na jina zima humaanisha chini ya mlima, pale mlima unapoanzia. Katika Fujisan, jina la mlima mrefu kuliko yote nchini Japani, alama iyo hiyo husomwa "san". Wageni wengi hudhani kwamba "san" hii ni ile ya heshima inayowekwa baada ya jina la mtu, na kwamba Wajapani huuita mlima wao "Bwana Fuji". Sivyo. Sauti zimefanana tu. Alama ni tofauti.

Mfano mwingine ni Tokyo na Kyoto. Msomaji anayesikiliza sauti peke yake atadai kwamba silabi zimegeuzwa tu. Alama zinamkanusha. "Kyo" ni ile ile katika majina yote mawili, nayo ni mji mkuu. Lakini "to" ya Tokyo ni mashariki, ilhali "to" ya Kyoto ni mji mkuu pia. Basi Kyoto, makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka elfu moja, ni mji mkuu kwa alama zote mbili. Tokyo ni mji mkuu wa mashariki. Jina hili lilitolewa mwaka 1868 badala ya jina la kale, Edo, wakati utawala wa mashogun ulipoanguka na mfalme kujiandaa kuhamia huko.

Majina ya ukoo

Mjapani hutanguliza jina la ukoo, kisha likafuata jina la kupewa. Kwa muda mrefu jina la ukoo la kutumika rasmi lilikuwa haki ya tabaka la juu. Mwaka 1870 serikali mpya iliwaruhusu raia wa kawaida kuwa na majina ya ukoo, na mwaka 1875 ikawalazimisha. Serikali iliyotaka kutoza kodi na kuandikisha askari ilihitaji kumjua kila mtu alikuwa nani.

Mengi ya majina haya yanachora mandhari ya kijijini. Tanaka ni katikati ya shamba la mpunga. Yamada ni mlima na shamba la mpunga. Kobayashi ni msitu mdogo. Ishikawa ni mto wa mawe. Matsumoto ni penye shina la msonobari. Ukiyasoma kwa pamoja ni kama kwamba unatembea mashambani, huku ukionyeshwa nani anakaa wapi.

Barabara zetu nazo zimejaa majina ya aina hii. Suzuki ni jina la ukoo linaloandikwa kwa alama za njuga na mti. Honda pia ni jina la ukoo, na mwisho wake ni lile lile shamba la mpunga. Toyota lilitokana na ukoo wa Toyoda, yaani shamba la mpunga lenye neema. Hata hivyo, kampuni ilipochagua jina lake katika miaka ya 1930, iligeuza "da" kuwa "ta" na kuliandika kwa herufi za silabi ambazo hubeba sauti tu. Kwa kuandikwa hivyo, jina huhitaji mikwaju minane ya kalamu, na nane ni nambari ya heri kwa Wajapani. Shamba la mpunga likaachwa nyuma. Bridgestone, jina tulionalo kwenye magurudumu, lilitokana na ukoo wa mwasisi wake, Ishibashi, yaani daraja la mawe. Alilitafsiri kwa Kiingereza na kugeuza mpangilio wake.

Subaru halitokani na ukoo. Ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi Waswahili tunaliita Kilimia. Jina la Kijapani linahusishwa na kukusanyika pamoja. Letu linahusishwa na kulima. Nyota ni zizo hizo, lakini kila jamii imeziita kwa kile ilichokiona kuwa muhimu.

Funzo la sehemu hii ni kwamba jina la ukoo halimsemi mtu. Kurosawa Akira, mwelekezi mashuhuri wa filamu aliyeishi kati ya 1910 na 1998, ana jina la ukoo lenye maana ya kinamasi cheusi, na jina la kupewa linaloandikwa kwa alama ya mwangaza. Laiti angekuwa mhusika katika riwaya teule, watahiniwa wangejaza ukurasa kuhusu nuru inayochipuka gizani. Lakini Kurosawa hakubuniwa na mwandishi. Kinamasi alikirithi, na mwangaza alitunukiwa na wazazi. Hakuna aliyeyapanga majina hayo ili yaafikiane na matendo yake.

Majina ya kupewa

Jina la kupewa ni dua ya mzazi. Zamani, majina mengi ya wavulana yalionyesha mpangilio wa kuzaliwa: Ichiro ni mwana wa kwanza, Jiro wa pili, Saburo wa tatu. Majina mengi ya wasichana katika karne ya 20 yaliishia kwa "ko", yaani mtoto, kama vile Hanako, mtoto wa ua.

Ugumu huja pale sauti moja inapoandikwa kwa njia nyingi. Msichana aitwaye Yuki huenda jina lake likaandikwa kwa alama ya theluji. Mwenzake kwenye dawati lile lile, Yuki vilevile, huenda akaandikwa kwa alama ya heri. Ukiitwa mbele ya darasa useme Yuki maana yake nini, jibu la pekee la haki ni, "Nionyeshe linavyoandikwa."

Kwa hakika, kwa miaka mingi daftari la familia linalotunzwa na serikali ya Japani lilirekodi alama za jina pasipo matamshi yake. Ni mnamo Mei 26, 2025 ambapo sheria mpya ilianza kutumika, ikiagiza kwamba matamshi nayo yaandikwe, na yawe ya kukubalika kwa alama zilizotumiwa. Sheria hiyo ilikuja wakati baadhi ya wazazi walikuwa wakiwapa watoto alama zinazosomwa kwa namna ambayo hata mwalimu hangeweza kuikisia.

Dua ya mzazi nayo ina mipaka. Mwaka 1993 wazazi fulani katika eneo la Tokyo walitaka kumwandikisha mwana wao kwa jina Akuma, yaani shetani. Alama zenyewe zilikuwa miongoni mwa zile zilizoruhusiwa kisheria. Hata hivyo, maafisa walikataa kwa hoja kwamba jina hilo lingemdhuru mtoto. Mvutano ulifika mahakamani na kuzungumzwa nchi nzima, na hatimaye wazazi wakatoa jina jingine. Hapa tunaona kwamba jina humtangulia mtu. Atakayeitwa ndiye atakayeubeba mzigo, ilhali hakuulizwa.

Majina ya mahali

Majina mengi ya mahali nchini Japani huelezea sura ya nchi. Nagasaki ni rasi ndefu. Hiroshima ni kisiwa kipana. Fukushima ni kisiwa cha heri. Msomaji anayejua historia atashtuka hapa. Hiroshima ilipigwa bomu la atomiki Agosti 6, 1945, na Nagasaki siku tatu baadaye. Fukushima ilijulikana ulimwenguni kote Machi 2011, pale tetemeko na tsunami vilipoharibu kituo cha nguvu za nyuklia. Je, kisiwa cha heri ni kinaya?

Tuwe waangalifu. Jina Fukushima lilikuwepo karne nyingi kabla ya kituo hicho kujengwa. Waliolitoa hawakujua yatakayotokea. Hiyo ni sadfa chungu ya historia, si kinaya kilichosukwa na mtunzi. Iwapo mwandishi ataandika riwaya leo, ampeleke mhusika wake Fukushima kwa makusudi, na amfanye ayatafakari maneno "kisiwa cha heri", hapo ndipo jina litakuwa limegeuka mbinu. Tofauti ni mkono wa mtunzi.

Majina ya kisiwa cha kaskazini, Hokkaido, yanatufunza jambo la pili. Kisiwa hicho kilikuwa nchi ya Waainu, watu wenye lugha yao isiyokuwa Kijapani. Serikali ya Japani ilikipa jina la Hokkaido mwaka 1869, yaani njia ya bahari ya kaskazini. Miji na mito mingi, hata hivyo, ilibaki na majina ya Kiainu. Wajapani waliyaandika kwa kutafuta alama zenye sauti zinazokaribiana nayo. Ndiyo maana majina mengi huko huishia kwa "nai" au "betsu". Maneno yote mawili yanatokana na maneno ya Kiainu yanayomaanisha mto au kijito.

Mji wa Wakkanai uko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Alama zake ni za uchanga na ndani. Mtu akizifasiri atapata kitu kama "ndani ya utoto", na atakuwa amepotea kabisa. Jina lenyewe ni la Kiainu, na asili yake ni kijito cha maji baridi. Msomaji wa Kenya atatabasamu hapa, kwani Nairobi nalo lilitokana na maneno ya Kimaasai yanayomaanisha maji baridi. Miji miwili iliyo mbali kama mbingu na ardhi imebeba jina moja, na yote miwili ilikua mikononi mwa wageni waliolichukua jina kutoka kwa wenyeji. Anayetafuta maana ya Nairobi katika kamusi ya Kiswahili hataipata. Kadhalika, anayeitafuta maana ya Wakkanai katika alama za Kijapani atapata uongo.

Waainu wenyewe walisajiliwa kwa majina ya Kijapani, na lugha yao ikafifia. Ni mwaka 2019 ambapo sheria ya Japani iliwatambua kuwa wenyeji asilia. Majina ya mito yao yalikuwa yakilisema jambo hilo siku zote kwa yeyote aliyejua kuyasoma.

Jina mikononi mwa mtunzi

Sasa tuingie katika fasihi. Natsume Soseki (1867–1916) ni miongoni mwa waandishi wakuu wa Japani, na aliwahi kuwa mwalimu wa Kiingereza. Jina alilopewa ni Kinnosuke. "Kin" ni dhahabu. Aliwekewa alama hiyo kwa sababu alizaliwa siku iliyoaminiwa kumfanya mtoto awe mwizi akubwapo, na dhahabu katika jina ilidhaniwa kuwa kinga. Soseki ni jina la kalamu alilojichagulia, nalo linamaanisha kusukutua kinywa kwa mawe. Linatokana na kisa cha Kichina cha mtu aliyetaka kusema kwamba atalalia jiwe na kusukutua kwa maji ya kijito. Ulimi ukateleza, akasema atasukutua kwa mawe na kulalia kijito. Aliposahihishwa hakukubali kosa. Alidai kwamba mawe ni ya kuimarisha meno na kijito ni cha kuosha masikio. Basi Soseki alijiita mkaidi. Jina la kwanza lilikuwa hofu ya wazazi. La pili ni lakabu aliyojipa kwa hiari na kwa mzaha.

Katika riwaya yake ya Botchan, iliyotoka mwaka 1906, mwalimu kijana wa hisabati anatoka Tokyo kwenda kufundisha shule ya mkoani. Mara tu anapofika anawabandika walimu wenzake lakabu. Mwalimu mkuu anamwita Tanuki, mnyama anayefanana na mbweha ambaye katika ngano za Kijapani ni laghai mwenye kujigeuza. Naibu wake ni Shati Jekundu, kwa kuwa huvaa shati la rangi hiyo majira yote ya mwaka. Mwalimu mwenzake wa hisabati anamwita Nungunungu. Jina halisi la huyu Nungunungu ni Hotta, lenye alama za mfereji na shamba la mpunga. Mfereji huo hausemi lolote kumhusu. Lakabu ndiyo inayosema: ni mtu wa miiba kwa nje, lakini matendo yanaonyesha kwamba ndiye mwaminifu kuliko Shati Jekundu anayenena kwa sauti laini. Mtahiniwa anayejibu swali kuhusu Hotta kwa kufasiri mfereji atakuwa amekosea mlango.

Katika riwaya iyo hiyo yumo mtumishi mzee, Kiyo, ambaye jina lake huandikwa kwa alama ya usafi. Anampenda kijana huyu bila kutaraji malipo na kumsifia unyofu wake wakati hata wazazi wake hawamthamini. Hapa tunaweza kudai majazi, kwa kuwa maana ya jina na matendo ya mhusika vinashikana.

Mfano wa mwisho ni filamu ya Miyazaki Hayao ya mwaka 2001, Sen to Chihiro no Kamikakushi. Msichana Chihiro anaingia katika ulimwengu wa mizimu na kuajiriwa na mchawi anayemiliki nyumba ya kuogea. Jina Chihiro lina alama mbili: elfu na pima, yaani kile kipimo chetu cha mikono miwili iliyonyoshwa. Pima elfu ni kina kisichofikika. Mchawi anampokonya alama zote isipokuwa ile ya elfu, ambayo ikiwa peke yake husomwa "Sen". Tangu hapo anaitwa Sen. Anayesikia sauti tu atadhani amepewa jina jipya. Anayejua maandishi anaona kwamba jina lake limekatwakatwa, kina kikaondolewa, ikabaki nambari. Na mchawi huyo huwatawala watu kwa kuwasahaulisha majina yao. Hapa jina si pambo la hadithi; ndilo uhuru wenyewe unaogombaniwa.

Funzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Kutokana na mifano hii, ninapendekeza maswali matatu ambayo mtahiniwa ajiulize kabla ya kuandika neno majazi.

Kwanza, jina ni la lugha gani, na katika lugha hiyo lina maana gani? Asikisie kwa sauti. Wakkanai imetuonya.

Pili, ni nani aliyelitoa? Ni mzazi, ni ukoo, ni wahusika wenzake, ni mhusika mwenyewe, au ni mtunzi kwa makusudi yake? Hapa ndipo majazi hutengana na lakabu.

Tatu, ni tendo lipi katika matini linaloafikiana na maana hiyo au kuipinga? Likiafikiana, ni majazi. Likipinga, mtahiniwa aeleze kinaya. Katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, Mtemi Nasaba Bora ana jina la kujivunia, lakini unyakuzi na ukatili wake unalikanusha. Katika Kigogo cha Pauline Kea, haitoshi kusema kwamba Majoka ni joka; sharti tuonyeshwe anavyowameza watu wa Sagamoyo.

Hitimisho

Nilirudi darasani na jibu la yule mwanafunzi. Isuzu ni jina la mto unaopita karibu na hekalu kuu la Ise nchini Japani, na alama zake ni hamsini na njuga. Ni jina lenye maana na historia. Si majazi, kwa sababu basi letu halina tendo lolote linaloshikana na njuga wala mto.

Mwanafunzi akafikiri kidogo, kisha akasema, "Lakini mwalimu, mwandishi akiliweka kwenye hadithi, na likawa linalia njuga kila likipita?"

Nikamwambia hiyo ni insha, akaiandike.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya majazi na lakabu huku ukirejelea wahusika wawili wa tamthilia au riwaya uliyoisoma. (alama 6)
2. "Jina la mhusika halina maana mpaka atende." Jadili kauli hii. (alama 10)
3. Taja jina moja la mahali katika eneo lenu, lugha linakotoka na maana yake. Tunga aya moja ya hadithi ambamo jina hilo ni kinaya. (alama 4)